Bordeaux: Mvinyo Mkongwe na Mizani ya Mwonjaji

Kinywaji cha zabibu kina majina mawili katika lugha yetu, na yote mawili yaliletwa na merikebu za wageni. "Mvinyo" tulilipata kwa Wareno, na "divai" kwa Wafaransa. Hata "pipa" linalokihifadhi ni neno la Kireno. Wengi wa wasomaji wa safu hii hawakigusi kinywaji hicho, wala makala haya hayamwaliki mtu kukigusa. Lakini shehena zake zinateremshwa bandarini petu, zinatozwa ushuru, zinapangwa katika stoo za mahoteli kutoka Nungwi hadi Paje, na vijana wetu wenyewe ndio wanaokimimina mbele ya wageni. Chupa moja huuzwa kwa bei ya soda chache. Nyingine, yenye umbo lile lile na rangi ile ile, huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Na zimepata kuuzwa chupa kwa bei ya nyumba. Yafaa basi watu wa visiwani, na hasa maofisa wanaokagua hati za mizigo, waelewe tofauti hiyo hupimwa vipi, hupimwa na nani, na kwa mizani gani. Sisi nasi tuna zao letu ambalo daima limepimwa na pua za watu wa mbali.

Bordeaux ni mji wa bandari, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Garonne. Mto huo ukikutana na mto Dordogne hufanya hori pana liitwalo Gironde, linalofunguka katika Bahari ya Atlantiki. Upande wa kushoto wa maji hayo, katika nchi ya Médoc na Graves, ardhi ni ya changarawe isiyotuamisha maji, na huko mzabibu uitwao Cabernet Sauvignon ndio unaotawala. Upande wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, udongo mwingi ni wa mfinyanzi na chokaa, nao unaupendelea mzabibu uitwao Merlot. Aghalabu mtengenezaji huchanganya aina hizo mbili, akaongeza na Cabernet Franc kidogo, kwa kuwa moja huleta ugumu na kudumu, na ya pili huleta ulaini na utamu wa tunda.

Kilichouinua mvinyo wa huko, hata hivyo, hakikuwa udongo peke yake, bali na biashara ya ng'ambo. Mwaka 1152 Eleanor, mtawala wa Aquitaine, aliolewa na Henry Plantagenet, naye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Tangu hapo, mpaka vita vya Castillon vya mwaka 1453, Bordeaux ilikuwa chini ya taji la Uingereza, na majahazi yake yakipeleka mapipa London na Bristol kila mwaka baada ya mavuno. Yaani, tangu mwanzo, bei ya mvinyo huo ilikuwa ikikatwa mezani kwa mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari. Jambo hilo halitamshangaza mkulima wa Pemba.

Sasa tuingie katika ukomavu wenyewe. Mvinyo mwekundu hupata rangi na ukali wake katika maganda ya zabibu, ambayo huachwa yakaiva pamoja na maji yake wakati wa kuchachuka. Humo mnatoka kitu kinachoitwa tanini. Aliyewahi kula bibo lisiloiva, au ndizi mbichi, anaijua tanini bila ya kuambiwa jina lake: ni ule ukakasi unaoukausha ulimi na kuyakwaruza mafizi. Mvinyo mchanga wa Médoc una ukakasi huo kwa wingi, ndiyo maana wenyewe hawana haraka ya kuunywa. Huutia kwanza katika mapipa ya mti wa mwaloni, yenye ujazo wa lita 225, kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Kisha huutia katika chupa, zikalazwa ubavu gizani mahali pa ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14 hivi. Humo chupani, kwa miaka kumi, ishirini, hata thelathini, chembe za tanini na za rangi zinaungana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa nzito, zikazama chini zikawa mashapo. Kwa hiyo ukakasi unapungua, rangi nayo inapungua, na harufu ya tunda inafifia na kuzipisha harufu nyingine ambazo hazikuwapo siku ya kwanza. Si kila mvinyo unaofaidika kwa kungoja. Sehemu kubwa sana ya mivinyo ya dunia, na hata ya Bordeaux yenyewe, huharibika tu ukiiweka. Ukongwe ni sifa kwa ile michache iliyozaliwa na nguvu ya kuubeba.

Kazi ya kuonja huanza kabla ya chupa kufunguliwa. Mwonjaji hodari huinyanyua akatazama mvinyo umefika wapi shingoni. Kwa kawaida kizibo hupumua kidogo kidogo, na chupa ya miaka mingi itakuwa imepungua. Ikiwa imeshuka chini ya mabega, amana ya mle ndani haiaminiki tena. Hutazama kama chini ya kifuniko cha bati pana utomvu mkavu wa mvinyo uliovuja. Hiyo ni dalili kwamba chupa ilipata joto, mvinyo ukafura, ukakisukuma kizibo. Hapa maofisa wetu watie maanani: kontena lililoachwa juani kwa wiki mbili katika gati ya nchi ya joto linaweza kuumaliza mvinyo uliotunzwa miaka ishirini, na hati zote zikabaki zimenyooka. Mwenye hoteli atalipa bei ya ukongwe, naye amepata siki ya kesho.

Baada ya hapo chupa husimamishwa wima, kwa siku moja au zaidi, ili mashapo yatulie. Kizibo hutolewa kwa upole, kwani kikongwe hukatika, kisha mvinyo humiminwa polepole katika chombo cha kioo huku mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Mara mashapo yanapoonekana yakikaribia mdomo, mkono husimama. Mvinyo ulio mkongwe mno hauachwi hewani muda mrefu. Harufu yake huruka, na baada ya saa moja waweza kukuta umebaki maji ya rangi.

Bilauri ya kuonjea ina mguu na tumbo, na mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo ili harufu isitawanyike. Hujazwa theluthi moja tu. Mwonjaji huiinamisha juu ya kitambaa cheupe akaangalia ukingo wa mvinyo pale unapokuwa mwembamba. Mchanga una zambarau ukingoni. Mkomavu una rangi ya tofali lililochomwa, ikielekea ya kaharabu. Ukikuta kahawia hadi katikati, na hapana mng'aro, shaka ianze. Mpaka hapo hakuna aliyegusa kwa ulimi.

Kisha pua. Hunusa kwanza bila ya kutikisa, halafu huizungusha bilauri na kunusa tena, kwani harufu nyepesi hutangulia na nzito hufuata. Atafutavyo ni viwili: kasoro na fadhila. Kasoro kubwa ni ile ya kizibo, harufu ya gunia lililovunda au karatasi ngumu iliyolowa. Sababu yake ilielezwa na mtaalamu wa Uswisi, Hans Tanner, mwaka 1981: ni kemikali moja inayofupishwa kwa herufi TCA, ambayo chembe zake chache tu katika trilioni zinatosha kuiharibu chupa nzima. Kasoro nyingine ni siki, na nyingine ni harufu ya zizi la farasi inayoletwa na chachu ya porini. Hii ya mwisho wapo wanaoivumilia ikiwa kidogo, na wapo wasiotaka kuisikia. Fadhila ndizo ngumu kuzitaja. Wenyewe husema mvinyo mkongwe wa Médoc unanukia mwerezi, vinyoleo vya penseli, kisanduku cha tumbaku, ngozi, uyoga, majani makavu ya msituni baada ya mvua. Mtu anayesikia orodha hiyo kwa mara ya kwanza hudhani anadhihakiwa. Hadhihakiwi, hakuna lugha yenye majina maalumu ya harufu za kutosha, kwa hiyo kila mmoja hukopa jina la kitu anachokijua kwao.

Katika kukopa huko limo jina letu. Waonjaji wa Kifaransa huandika mara kwa mara kwamba mvinyo fulani una harufu ya karafuu. Hiyo si kauli ya kishairi. Mbao za mwaloni, hasa zinapochomwa moto ndani wakati wa kuunda pipa, hutoa kemikali iitwayo eujenoli, nayo ni ile ile iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ile ile inayokamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, na ile ile inayotumiwa na madaktari wa meno. Pipa hilo hilo hutoa na vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila ya majirani zetu wa Komoro, na kemikali nyingine ambayo pua huitambua kuwa ni ya nazi. Mzanzibari aliyelelewa uani, penye mkeka wa karafuu unaokauka na mbuzi ya kukunia nazi, angeweza kuzitambua harufu tatu hizo upesi kuliko mwanafunzi wa Paris aliyezisoma katika chupa ndogo za maabara. Pua haina hati ya kuzaliwa.

Mwisho huja mdomo, na hapa ndipo wengi hushangaa kusikia kwamba mwonjaji wa kazi hamezi. Kwa siku anaweza kupitia mivinyo hamsini au zaidi. Akimeza, saa nne ya asubuhi hana tena akili ya kuhukumu. Huchukua funda dogo, akavuta hewa juu yake kwa sauti isiyopendeza mezani, akalizungusha lifike mashavuni na kwenye mafizi, kisha akatema katika chombo. Anachopima ni uwiano: uchachu usiuzidi mwili, joto la kilevi lisiunguze, ukakasi uwe umelainika bila ya kutoweka. Mkongwe usiokuwa na ukakasi hata chembe ni sawa na nyumba iliyoondolewa nguzo. Baada ya kutema huhesabu ladha imebaki mdomoni sekunde ngapi. Wafaransa wana hata jina la kipimo hicho, na mvinyo ulio bora hasa hukaa muda mrefu huku ukibadilika, sio kukwama katika ladha moja. Profesa Émile Peynaud wa Bordeaux, aliyefariki mwaka 2004, ndiye aliyefanya zaidi ya wengine kuyatoa mambo haya katika mikono ya uzoefu mtupu na kuyatia katika darasa. Kitabu chake juu ya ladha ya mvinyo kilitoka mwaka 1980.

Basi mizani ipo, na watu wa kuishika wapo. Swali ni iwapo bei inaifuata mizani hiyo. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris yaliyoagizwa na Napoleon wa Tatu, madalali wa Bordeaux walitakiwa waorodheshe mashamba bora ya mvinyo mwekundu. Wakayapanga katika madaraja matano, na daraja la kwanza wakaliweka mashamba manne: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Hawakukaa kuonja. Walichofanya ni kutazama bei zilizolipwa kwa miaka mingi, wakazigeuza kuwa cheo. Cheo nacho, tangu siku hiyo, kimekuwa kikiipandisha bei. Kwa zaidi ya miaka 160 orodha hiyo karibu haijaguswa. Badiliko kubwa lililokumbukwa ni la mwaka 1973, Mouton ilipopandishwa daraja la kwanza kwa amri iliyotiwa saini na Jacques Chirac, wakati huo akiwa Waziri wa Kilimo. Saint-Émilion wao waliamua mwaka 1955 kuwa na orodha yao itakayopitiwa upya kila baada ya muda, jambo ambalo kwa maneno lina haki zaidi. Matokeo yake yamekuwa kesi baada ya kesi, na mwaka 2021 mashamba mawili ya juu kabisa, Ausone na Cheval Blanc, yalitangaza kujitoa.

Pua nazo zina udhaifu wake. Mwaka 2001 watafiti watatu, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko huko Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe, na mvinyo ule ule mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaueleza ule wa pili kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kutoa hukumu, pua ikatia muhuri. Ndiyo sababu uonjaji wenye uadilifu hufanywa chupa zikiwa zimefunikwa, na ndiyo sababu wenye majina makubwa huwa hawaupendi. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza mwuza mvinyo, Steven Spurrier, aliwaketisha waamuzi tisa wa Kifaransa mbele ya chupa zilizofichwa, za Bordeaux na za California. Ulioshika nafasi ya kwanza katika mivinyo myekundu ulikuwa wa California, Stag's Leap wa mwaka 1973, ukiupita Mouton wa mwaka 1970. Wafaransa wakajitetea kwamba mivinyo ya Marekani ni ya ujanani tu, na kwamba miaka ingesema. Miaka ikasema: mwaka 2006 mivinyo ile ile ikaonjwa tena, na wa kwanza ukawa Ridge Monte Bello wa mwaka 1971, wa California pia. Mimi sioni kwamba Bordeaux ilivunjiwa heshima kwa hayo. Ilichovunjiwa ni madai ya kwamba hukumu ni mali ya kijiji kimoja.

Palipo na cheo na bei ya ajabu, walaghai hawako mbali. Mwaka 1985, katika mnada wa Christie's mjini London, chupa moja iliyosemwa kuwa ni Lafite ya mwaka 1787, iliyochorwa herufi za jina la Thomas Jefferson, iliuzwa kwa pauni 105,000. Baadaye wataalamu walioajiriwa na tajiri mmoja aliyenunua chupa nyingine za mkumbo huo walieleza kwamba herufi zake zilichorwa kwa chombo cha umeme, kitu ambacho Jefferson hakukijua. Rudy Kurniawan, kijana wa asili ya Indonesia, alikuwa akichanganya mivinyo nyumbani kwake California na kuibandika lebo za zamani. Alikamatwa mwaka 2012, na mwaka 2014 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka kumi. Wengi wa waliodanganywa walikuwa watu wa kujua, waliokwisha kunywa vya kweli. Mwanafizikia wa Bordeaux, Philippe Hubert, aligundua njia ya kupima chupa bila ya kuifungua: kabla ya mabomu ya atomiki ya mwaka 1945 dunia haikuwa na kemikali ya mnunurisho iitwayo siziamu-137, kwa hiyo mvinyo unaodaiwa kuwa wa zamani zaidi ya hapo, ukikutwa nayo ndani, ni wa uongo. Kipimo hicho kinaweza kuusuta uongo wa umri. Hakiwezi kusema kama mvinyo ni mzuri.

Na mkulima je? Msomaji atakayetembea Bordeaux akiwa na majina manne ya daraja la kwanza kichwani atadhani nchi nzima inaogelea katika fedha. Mashamba yenye vyeo ni machache, na yaliyobaki ni maelfu ya wakulima wanaouza mvinyo wa kawaida kwa pipa, kwa bei ambayo mara nyingine haifidii gharama za mwaka. Wafaransa wenyewe wameacha kunywa kama walivyokunywa zamani, na soko la China lililotegemewa sana limerudi nyuma. Mwaka 2023 ulipitishwa mpango wa kung'oa kiasi cha hekta 9,500 za mizabibu katika mkoa huo wa Bordeaux, mkulima akilipwa fidia ya euro 6,000 kwa kila hekta, na ardhi igeuzwe msitu au ipandwe mazao mengine. Mizabibu hiyo haikuwa na ugonjwa wa kutisha, wala udongo wake haukufa. Jina lile lile la Bordeaux lilikuwa limebandikwa katika chupa zao kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1935 inayolinda majina ya mahali, na sheria hiyo ilifanya kazi yake: ilizuia mtu wa nje asilitumie jina hilo. Haikuahidi mnunuzi.

Kituoni petu, karani anapotia mkono katika gunia la karafuu, hutazama rangi, huangalia kama zina vichwa, huzitenga na makonyo na mpeta, huvunja moja kwa kucha kupima ukavu, kisha hunusa. Daraja analoandika hapo ndilo litakalomrudisha mkulima nyumbani na fedha au na manung'uniko. Kanuni zake zimebandikwa ukutani, na mkulima anaruhusiwa kuzisoma na kubisha akiwa amesimama mbele ya gunia lake. Mkulima mdogo wa Bordeaux, ambaye mvinyo wake hauonjwi na mwandishi yeyote wa magazeti wala hautafika mnadani, amekuwa akilidai jambo hilo hilo: kwamba bei ya pipa lake itokane na kilichomo pipani.